Makoti ya Bendi na Uzi wa Marehemu

Wiki nzima mnanigongea mlango. Bibi, andika, bibi, andika, utadhani nina mikono minne. Darasani mimi sikukaa sana, na kalamu hainipendi. Lakini afadhali niiandike habari hii mimi kuliko mkamwachie yule mkwe wa fundi, maana yeye angeipaka poda. Haya basi. Kaeni kimya.

Fundi wa nguo mwenyewe anaitwa Bi Futi, kwa sababu futi ya kupimia haijawahi kutoka shingoni mwake. Hata msibani huivaa, ameichomeka ndani ya mtandio, ncha yake ya bati inachungulia. Miaka sabini na ushee, mgongo umepinda kidogo, ulimi haujapinda hata chembe. Anaishi na mwanawe, karani wa ofisi ya ramani, na mkwe wake, anayekaa nyuma ya kioo kwenye ofisi ya bima. Nyumba ina vyumba vitatu. Cha mbele, chenye dirisha la barabarani, ndicho cha cherehani. Humo ameshona miaka thelathini na minane. Sakafu chini ya kanyagio imechimbika nyayo mbili, na ukutani kuna alama za chaki za urefu wa watu ambao wengine wameshazikwa.

Bi Futi hajawahi kutupa kitu. Kola ya shati ikilika, aliifumua, akaigeuza, akaishona upya, shati likarudi kazini. Shuka likichakaa katikati alilichana kwa urefu, zile kingo nzima akazileta kati, watu wakalala. Mwanawe amesoma mpaka akamaliza akiwa ndani ya suruali za marehemu baba yake zilizopunguzwa. Kwa yote hayo hakuna aliyempigia makofi. Waliyaita ubahili.

Sasa siku moja mkwe akarudi kutoka semina ya kazini na karatasi yenye maandishi ya rangi. Akaibandika kwenye mlango wa friji. Mume na mke wakasimama mbele yake kama wanaopigwa picha.

"Mama," akasema mwana, "tumeamua kutunza mazingira. Mwaka mzima hatununui kitu kipya. Kila kinachoingia humu ndani kiwe kimeshatumiwa na mtu mwingine."

"Mwanangu, mimi nilikulea miaka kumi na minane bila kitu kipya. Ulikuwa unalia."

"Hii ni tofauti, Mama," akasema mkwe.

"Tofauti yake nini?"

"Hii tumeamua wenyewe."

Bi Futi akaenda zake kushona. Na tofauti kweli aliiona, tena haikuchukua hata mwezi. Viti vyao wenyewe, vizima, walivyovikalia miaka tisa, walivitoa. Kisa? Vilinunuliwa vipya dukani, kwa hiyo havikuhesabika. Badala yake wakaleta viti saba vya watu wengine, hakuna kinachofanana na mwenzake, kimoja kinayumba. Bi Futi akauliza: "Kwani makalio yetu si matumizi? Mpaka vikaliwe na jirani ndiyo vitakate?" Ikaingia taa ndefu isiyo na shingo. Zikaingia mashine mbili za kukandia unga, zote mbovu, kwamba ya kwanza itatoa vipuri kwa ya pili. Mkwe akanunua viatu vilivyomzidi saizi mbili, akavijaza karatasi mbele, akawa anatembea kama bata anayevuka tope. Kila Jumamosi walitoka asubuhi kwenda soko la vitu vilivyotumika, wakarudi mchana wameelemewa, wanang'aa usoni kama watu waliotoka kuokoa yatima. Waliokuwa hawanunui kitu sasa walikuwa wananunua kila wiki!

Nyumba ikajaa hadi mlango wa chooni ukawa unafunguka nusu. Ndipo macho ya mkwe yakaanza kutembea kuelekea chumba cha mbele.

Katikati ya mambo hayo akaja kiongozi wa bendi ya zimamoto, bwana mnene, mpulizaji wa lile tarumbeta kubwa linalozunguka mwili. Kituo kipya cha zimamoto kingefunguliwa mwisho wa mwezi na bendi ilitaka makoti kumi na mawili, meusi, yenye vifungo vya shaba. Bi Futi akawaita wote, mmoja mmoja.

Mshonee mtu wa bendi kama unavyomshonea mtu wa kawaida, umekwisha. Bi Futi humpima mara mbili. "Shusha pumzi yote. Toa, toa, usinifichie nyingine. Haya. Sasa vuta kama unataka kuzima nyumba kwa mdomo." Anaandika kipimo cha kifua kitupu na kipimo cha kifua kilichojaa, na kati ya hivyo viwili anaficha mkunjo mgongoni, ambao mtu akipuliza unafunguka, akitulia unajifunga. Mshono wa katikati ya mgongo huuacha hadi mwisho kabisa, baada ya kila mtu kuvaa na kupuliza mbele yake. Hakuna fundi mwingine mjini aliyekuwa na subira hiyo.

Usiku haukuingia kabla mwana hajakaa kwenye kiti kinachoyumba na kuanza kukohoa kile kikohozi cha mtu mwenye maneno.

"Mama, umechoka."

"Nani kakwambia?"

"Juzi umetunga uzi kwenye sindano mara sita ndipo ukapita."

"Na wewe juzi umetafuta miwani ukiwa umeivaa. Nikutoe ofisini?"

"Tunasema tu, Mama," mkwe akaingia, "hii ya bendi iwe kazi ya mwisho. Kile chumba tukiweke vitu, watu waje kubadilishana. Kitasaidia jamii nzima."

"Mimi si jamii?"

Bi Futi akavuta futi shingoni, akaikunja kwenye kiganja. "Sikilizeni. Siku ya ufunguzi, mshono wangu mmoja ukiachia, hata mmoja, ingizeni viti vyenu, mimi nitakaa jikoni nimenye vitunguu. Isipoachia, chumba changu, na mtu asinitajie tena mpaka nitoke humo nimebebwa."

Wakakubali haraka. Haraka sana, naona mimi.

Kesho yake akamtuma mwanawe dukani: koni tatu za uzi mweusi, mgumu, ule ule wa siku zote. Mwana hajafika hata getini, mkwe kamshika mkono. "Uzi nao ni kitu kipya. Karatasi tumesaini." Na kweli walikuwa na kopo kubwa la bati walilolitoa sokoni, mali ya fundi mmoja aliyefariki, limejaa vigurudumu vikubwa vya mbao vya uzi mweusi wa zamani. Vizuri kutazama, hilo sikatai. Lakini walijua Bi Futi akiviona atavirusha dirishani. Basi karani wetu wa ramani akajiona mjanja. Akaokota koni tupu za plastiki za mama yake, akachukua kekee ya kutobolea mbao ili izungushe koni, akakaa uani mchana kutwa akihamisha uzi wa marehemu kutoka kwenye mbao kwenda kwenye plastiki, kigurudumu kimoja kwa koni moja. Akamletea mama yake kama vile katoka dukani. Mtu mzima, ana ndevu!

Bi Futi akavuta ncha ya kila koni, akaikaza kati ya vidole, akaipa meno. Ikashika. Akaanza kazi, koni zote tatu kwa zamu. Mikono, mabega, ubavu, kola, kumi na mbili mara zote hizo. Alipofika kwenye migongo, mwisho mwisho wa koni zote, uzi ukakatika. Akabadilisha sindano. Ukakatika tena. Hapo angesimama, na mwenyewe anajua kwamba angesimama. Lakini mlangoni alikuwa amesimama mkwe na futi yake mwenyewe, ya mtumba, anapima urefu wa ukuta. Bi Futi hakutaka aonekane anahangaika. Akakaza skrubu, akanyaga kanyagio, akamaliza migongo yote kumi na miwili bila kuinua kichwa.

Siku ya ufunguzi, saa nne asubuhi, jua lilikuwa kali, watu wamejaa hadi barabarani. Gari jekundu limeoshwa linawaka. Bendi imesimama mbele ya milango mikubwa, makoti yamekaa mwilini kama yamemwagwa. Bi Futi kaketi mstari wa pili, futi shingoni, mwana kulia, mkwe kushoto. Wimbo ukaanza vizuri. Watu wakatikisa vichwa. Kisha ikafika ile sehemu ya sauti ndefu, ambapo wote wanavuta pumzi pamoja.

Mshono wa kwanza ulilia prrr kama mtu anayechana gazeti. Alikuwa yule mnene. Wa pili akafuata, wa tatu, mpiga zumari, wapiga tarumbeta wawili kwa mpigo. Migongo ikafunguka mmoja baada ya mwingine na fulana nyeupe zikachungulia. Mpiga ngoma aligeuka kutazama wenzake, wake ukaachia kwa kule kugeuka tu. Watoto wakaanza kucheka, wakubwa wakafuata, mpaka mgeni rasmi akafunika mdomo kwa ratiba aliyoishika.

Mkwe hakucheka. Ila alimtazama mumewe, na Bi Futi akaona yale macho. Yalikuwa yanapanga viti.

Bi Futi akainuka. Akapita katikati ya watu bila kuomba njia, akamshika yule mnene mgongoni mbele ya kadamnasi, akachomoa kipande cha uzi. Akakisugua kati ya dole gumba na cha shahada. Kikasagika. Kikawa vumbi la kijivu.

"Huu si uzi wangu."

"Bi Futi, tufanyeje? Bado nyimbo tatu," akasema yule mnene, jasho linamtiririka.

"Vueni. Pigeni na fulana, pumzi haijachanika." Kisha akageuka. "Wewe. Njoo hapa."

Mwana akaja. Mtu wa miaka arobaini na mitano, alitembea kama aliyeitwa ubaoni.

"Uzi huu umeutoa wapi?"

"Dukani..."

"Nakuuliza mara ya pili, na mara ya tatu sitakuuliza kwa mdomo."

Akasema yote: kopo, marehemu, kekee. Bi Futi akasikiliza hadi mwisho, akafumba macho kidogo, akaelewa. Yule marehemu lazima alikuwa ameviweka vigurudumu vyake dirishani. Jua limekula mizunguko ya juu miaka na miaka, mizunguko ya ndani ikabaki mizima. Mwana alipohamisha, wa juu ukatangulia kwenda chini ya koni, na wa ndani, mzima, ukaja juu kusubiri meno ya mama yake. Mtu angekusudia kumdanganya fundi asingeweza kupanga vizuri hivyo.

"Mnatunza dunia nzima," akasema, wala hakupaza sauti, "ila mimi mmeniuza kwa kopo la bati."

"Mama, hatukujua..." akaanza mkwe.

"Hamkuuliza. Miaka thelathini na minane naokoa nguo za mji huu, umewahi kuniuliza naokoaje? Uzi ukiwa mpya, koti linaishi miaka ishirini. Uzi ukioza, unatupa vyote viwili, uzi na koti. Sasa kimbia dukani. Koni moja, nyeusi, mpya. Mpya, nimesema!"

Mkwe akakimbia na vile viatu vyake. Kimoja kikabaki katikati ya barabara na karatasi zake, akaendelea na kingine. Watu wakamshangilia kuliko walivyoishangilia bendi.

Bi Futi akatoa sindano kwenye pindo la mtandio, daima huwa nazo tatu, na mkwe aliporudi akamkalisha yeye na mumewe kwenye ngazi ya gari la zimamoto. Yeye alishona mgongo mmoja kuwaonyesha. Kumi na mmoja wakashona wao, kwa mkono, jua linawapiga visogoni, huku bendi inapiga na fulana na kila mwenye haja ya kupita anasimama kutazama. Karani alijichoma mara nyingi. Mishono miwili ya mkwe ilifumuliwa, ikaanzwa upya. Hakulia, nampa hilo.

Saa nane bendi ikavaa tena. Mgeni rasmi alikuwa ameshaondoka, lakini watu hawakuondoka. "Ile ndefu," Bi Futi akaamuru. Vifua kumi na viwili vikajaa, mikunjo ikafunguka, sauti ikatoka mpaka vioo vya kituo vikatetemeka. Ikaisha. Mikunjo ikajifunga. Hakuna kilicholia.

"Uzi wangu ndio huu," akasema. "Ule mwingine haukuwa kwenye maneno yetu."

Jioni ile viti vinne vilitoka nje, na chumba cha mbele hakikuguswa. Karatasi bado iko kwenye friji. Chini kabisa, kwa chaki ya kushonea na herufi kubwa kubwa, imeongezwa: UZI HAPANA. Kila Jumamosi, badala ya kwenda sokoni, wale wawili wanakaa mbele ya kanyagio kujifunza kugeuza kola. Karani ameshaharibu mashati matatu, yote ya kwake.

Nimeandika, mmepata. Sasa wewe unayesoma usijifanye umemaliza. Vua hilo koti, ligeuze ndani nje, uvute mshono wa mgongo kwa vidole viwili. Ukiachia, tafuta sindano, kaa chini, shona mwenyewe. Kisha niletee nione, na uje umelivaa.