Bibi Kwenye Tawi la Pembeni

Nilimtoa bibi yangu kwenye ukoo wetu kwa wino mwekundu, nikaubandika mti wa ukoo huo ukutani shuleni, kisha nikarudi nyuma hatua mbili kuitazama kazi yangu kama fundi aliyemaliza kupaka rangi msikiti. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Sijitetei. Mjue tu kwamba upumbavu ule niliufanya kwa mwandiko mzuri.

Enzi zetu pale Ruwais, Jeddah, na wanaocheka kwamba mtu wa miaka kumi na saba hana enzi wakae chini wasikilize, tulicheza mpira kwa kopo la maharage lililobondwa, goli likiwa uwazi kati ya magari mawili mabovu. Joto likizidi tulisimama chini ya viyoyozi vya watu tukikinga matone kichwani, na aliyedondokewa jichoni ndiye mshindi, msiniulize kwa nini. Mdogo wangu leo mtandao ukikatika dakika tano, karibu apelekwe hospitali. Alasiri ngazi zote zilinukia mbaazi za nazi za Bibi. Alitoka Mombasa, na mpaka leo anapatana bei na wauza samaki Waarabu kwa Kiswahili, nao wanampunguzia kwa kuchoka. Jua likizama alichungulia dirishani: "Nyinyi watoto, mtarudi lini, mkishaota mvi?" Na mtu akipiga chafya, dawa yake ilikuwa moja tu, uji wa tangawizi unaochoma mpaka masikio. Niliuchukia uji ule kwa moyo wangu wote.

Mwalimu wetu wa historia alikuwa Mwingereza tuliyemwita Mista Kofia, maana hakuivua hata darasani. Likizo moja alirudi kwao, mji mdogo wa kale wenye soko katikati, akakaa siku kadhaa kwenye kanisa la parokia akifunua vitabu vya waliobatizwa, waliooana na waliozikwa. Alituonyesha picha: wino wa kahawia, wachinjaji na washona viatu, wote mababu zake. Kilichomfurahisha kupita vyote ni bibi mmoja ambaye kwao hakuna aliyewahi kumtaja, jina lake liko kwenye ukurasa mmoja tu. "Kila ukoo una kitabu mahali," alisema. "Kaulizeni nyumbani, kisha mchore mti wenu." Habari ya mti niliisikia. Ya kuuliza ilinipita.

Kitabu chetu nilikijua kilipo. Lilikuwa daftari kwenye sanduku la Bibi, chini ya kanga za sikukuu, ambamo baba yake aliandika vizazi na vifo kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Bibi akiwa anaswali alasiri, nikalichomoa. Nilisoma neno moja moja, kama mtu anayepimwa macho. Nikamkuta mama mzazi wa Baba, jina nisilowahi kulisikia, amefariki Baba akiwa hajaota meno. Chini yake: mdogo wake amemchukua mtoto. Huyo mdogo wake ndiye Bibi, aliyekuwa chumba cha pili juu ya msala, akitoa salamu.

Hata sikushtuka. Nilifurahi kwamba na mimi nimempata bibi aliyefichwa. Kwa kanuni za Mista Kofia, ndugu wa bibi anakaa tawi la pembeni, bila mstari wa kushuka kwako. Nikachora hivyo hivyo, kwa Kiingereza na Kiarabu, nipate alama za ziada.

Siku ya maonyesho wazazi walialikwa. Baba yake Faris, mwenzangu wa darasa, alikuja na sare yake, alikuwa afisa wa pasipoti. Miti ya wengine aliipita haraka. Kwenye wangu akasimama. Kidole chake kilipanda, kikashuka, kikaenda pembeni.

"Jadda yako, huyo bibi anayekuja kukuchukua shuleni," aliniuliza, "ni yupi hapa?"

Nikamwonyesha tawi la pembeni.

"Na huyu wa katikati?"

"Huyo ni marehemu," nikasema. "Hana usumbufu."

Hakucheka. Akatoa simu, akaupiga picha mti wetu.

Nyumbani nilimsimulia Mama jikoni kama kichekesho. Alikuwa anakata vitunguu. Kisu kikasimama. Alifunga mlango kwanza, ndipo akaniuliza nimeandika nini hasa, na nani amesoma. Nilipotaja sare, alikaa juu ya ndoo.

"Baba yako alipomwombea Bibi ikama, kibali cha kukaa huku," alisema kwa sauti ya chini, "fomu ilitaka mama mzazi. Haikuwa na mahali pa mama mdogo. Akaandika mama, maana tangu azaliwe hajamwita jina jingine. Wakijua, watampandisha ndege. Na Mombasa hajabaki mtu wa kumfungulia mlango. Unanielewa wewe?"

Nilielewa. Jioni ile kijana wa gesi alipopiga kengele nilijifungia chooni, nikamsikia Bibi akienda kufungua, kandambili zake zikiburuzika sakafuni, nikahesabu hatua zake nikidhani ndizo za mwisho. Baba hakuambiwa.

Asubuhi Mama alivaa abaya yake, tukaenda. Ukumbi ulikuwa mtupu. Alichomoa pini moja moja, akabaki na ile ya juu kabisa asiyoifikia. Mkono wa sare ukapita juu ya bega lake, ukaichomoa. Ni baba yake Faris, alikuwa amemleta mwanawe shuleni. Aliikunja karatasi mara mbili, akampa Mama.

"Mwanao anaandika sana," alisema. "Halas, yameisha."

Akaenda zake. Picha hakuitaja, nasi hatukuthubutu kuuliza. Mama alimwambia Mista Kofia kwamba naumwa, akanirudisha nyumbani na ile karatasi ndani ya abaya.

Sasa tuko Riyadh, Baba alihamishiwa huku. Hakuna bahari, vumbi tu, na watoto hawachezi chini ya viyoyozi. Bibi yupo, anawasumbua wauza mboga wa hapa. Ikama yake ikifika wakati wa kuhuishwa, nyumba nzima tunakula kimya, na kengele ikilia ghafla bado nahesabu waliomo ndani. Juzi mdogo wangu alipewa kazi ileile ya mti wa ukoo. Enzi zetu tulichimba sanduku, yeye aliandika majina anayoyajua, akabofya tu, kompyuta ikachora, na Bibi akakaa katikati kabisa, na mstari mnene wa kushuka kwetu. Mara ya kwanza nikaushukuru uvivu wa watoto wa siku hizi.

Ila ile asubuhi ya Ruwais, tulipofika mlangoni kwetu, Mama alinishika kola kabla hajatia ufunguo.

"Bibi nitamwambia una homa. Atakupikia uji. Unywe wote, na ukimaliza umwite Bibi, umwite kwa sauti, majirani wasikie."