Kompyuta Zilizobandikwa Nembo

Mfadhili wetu alipotuarifu kwamba hataendelea nasi, Tunduma ilikuwa bado chini ya Mkoa wa Mbeya. Shirika letu lilikuwa dogo: chumba kimoja cha kupanga nyuma ya ofisi za mawakala wa forodha, ambamo vijana waliomaliza kidato cha nne walijifunza kompyuta kwa mchango mdogo wa wazazi wao. Mimi nilikuwa mratibu. Tangu nitoke chuo kikuu nilikuwa nimefanya kazi kadhaa, lakini darasa lile ndilo pekee nililoweza kumweleza mama yangu akalielewa bila kuuliza mara ya pili. Sasa mchango wa wazazi peke yake haukutosha kodi na umeme. Tusipopata chanzo kingine cha fedha, darasa lingefungwa.

Wazo la kununua kompyuta mpakato zilizotumika, kuzikarabati na kuziuza lilitoka kwa mjumbe mmoja wa kamati, mwenye malori kutoka Kondoa, ambaye mji mzima ulimwita Haji.

"Zinashuka Dar kwa makontena," alituambia. "Wenzetu huko wakizichoka, sisi ndiyo kwanza tunazitamani. Fundi mnaye, chumba mnacho. Mnangoja nini?"

Mwenyekiti wetu, mwalimu mstaafu wa Kinyiha kutoka Mbozi, hakupendezwa. "Haji, sisi ni shirika au ni duka?"

"Mwalimu, hilo kamuulize mwenye nyumba siku ya kodi."

Tulicheka, hata mwenyekiti. Mimi nilimuunga mkono Haji. Katiba ya shirika iliruhusu shughuli za kuingiza kipato, ilimradi kipato kirudi kwenye malengo yetu, na sikuona aibu yoyote katika kuuza kitu kilichotengenezwa vizuri. Tukachukua mzigo wa majaribio. Fundi wetu, ambaye ndiye pia aliyefundisha darasa, alibadilisha betri zilizokufa, akatoa vumbi kwenye feni, akaweka programu upya. Wanafunzi walimzunguka wakitazama, na nadhani walijifunza zaidi wiki ile kuliko muhula mzima.

Kisha tukajadili namna ya kuwapa wateja imani. Mpakani mtu akikuuzia kitu cha umeme, swali la kwanza ni kama kimeibwa, la pili ni kama kesho utamkuta pale pale. Mwenyekiti akapendekeza tubandike nembo ya shirika kwenye kifuniko cha kila kompyuta, ili mnunuzi ajue pa kurudi ikimsumbua. Tulikubali wote kwa furaha. Hadi leo nashangaa kwamba hakuna aliyesita. Sote tulikulia katika shule na zahanati ambako kitu chenye nembo ya shirika, kiwe kopo la mafuta au kitanda, kilikuwa kimeletwa bure.

Mteja wetu wa kwanza alikuwa mwalimu mkuu wa shule moja upande wa Chitete. Mimi na fundi tulimpelekea kompyuta nikiwa nimeipakata njia nzima, imeviringishwa kwa blanketi kwa sababu ya mashimo. Aliiwasha, akaandika jina la shule yake, akaisifu. Alipoifunga ndipo akaiona nembo.

"Dada, hii ni ya msaada."

"Hapana, mwalimu. Tumeinunua, tumeitengeneza, tunaiuza."

"Nani anunue kitu kwa hela yake halafu akibandike jina la shirika?" Alitabasamu kwa upole, kama mtu anayemsitiri mwenzake. "Msijali. Tuandikeni tu, tutasubiri zamu yetu."

Tulirudi nayo. Wengine walijibu hivyo hivyo, baadhi bila ule upole. Aliyenunua bila maswali alikuwa mfanyabiashara mmoja wa kike kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, ambaye nembo yetu haikumwambia lolote. Tulifurahi siku moja tu. Kesho yake habari sokoni ilikuwa kwamba tunavusha misaada ya watoto kwenda kuiuza Zambia.

Siku chache baadaye mama mmoja muuza mchele, ambaye binti yake alikuwa darasani, alikuja akasimama mlangoni fundi akiwa anafundisha.

"Mmeuza za watoto wetu, halafu mchango bado mnautaka?" Hakupaza sauti. "Mwanangu, chukua daftari twende."

Binti aliondoka akitazama chini. Wazazi wengine hawakuja kutuambia; watoto wao waliacha tu kutokea. Biashara tuliyoianzisha ili kuliokoa darasa ilikuwa inalimaliza haraka kuliko ukosefu wa mfadhili.

Kamati ilikutana. "Bandueni hizo nembo," alisema Haji, "tuuze kama watu wengine."

"Tukibandua leo," mwenyekiti alijibu, "kesho watasema tunaficha."

"Basi niuzieni mimi kwa bei mliyonunulia, nizibandue mwenyewe. Nikiuza mimi hakuna atakayeuliza zimetoka wapi. Kazi yangu inajulikana."

"Na faida?" niliuliza.

"Faida itakuwa yangu, binti yangu. Nikudanganye?"

Mwenyekiti alitaka maoni yangu kabla ya kupiga kura. Nilisema tumuuzie. Nisingependa kudai kwamba niliongozwa na msimamo. Kama wazazi wangebaki, ningeendelea kuuza. Hesabu ya Haji ilikuwa sahihi, na bado naamini hivyo. Ila watu walikuwa wameshaamua shirika ni kitu cha namna gani, na hatukuwa na muda wa kuwabadilisha kabla ya viti vyote kubaki vitupu. Kura ikapita.

Ndipo fundi, tuliyekuwa tumemwita kikaoni, akauliza kama anaweza kuendelea kutengeneza kompyuta za watu pale darasani.

"Za watu gani?" aliuliza mwenyekiti.

"Mawakala, karani wa mgodi kule Saza, walimu. Wananiletea. Nawasaidia tu."

"Bure?" Haji aliinuka kitini. "Sisi tunalia kodi hapa, wewe unatengeneza bure?"

Tulipitisha hapo hapo kwamba kuanzia siku ile matengenezo yalipiwe, na wanafunzi wajifunzie humo.

Kesho yake nilikwenda sokoni kwa yule mama. Nilimweleza yote, tangu makontena hadi kura. Alisikiliza huku akimpimia mteja mchele.

"Kwa hiyo mlizinunua kweli?"

"Kweli, mama."

"Na sasa anazo Haji?"

"Anazo."

"Basi Haji amepata," alisema, akafunga mfuko wa mteja wake. Habari ya binti yake sikuiuliza.

Jumatatu binti alikuja. Kompyuta ya wakala mmoja, iliyomwagikiwa chai, ilikuwa imefunguliwa mezani. Fundi alimwambia aweke daftari pembeni amshikie tochi.