Aproni Zisizo na Damu

Mume wangu alikuwa mpishi wa behewa la chakula kwenye treni ya upande wa Zaire, iliyotoka bandari ya Ziwa Tanganyika na kushuka kusini hadi kwenye miji ya migodi. Ilikuwa safari ya siku kadhaa, na ikiharibika njiani, ya siku zisizojulikana. Nchi yetu, ng'ambo ya mpaka, haina reli hata ya kuchezea, kwa hiyo majirani zangu wa Kamembe walinitania kwamba nimeolewa na kazi ambayo sijawahi kuiona. Walisema kweli. Treni ile niliijua kwa kuifulia tu.

Kila baada ya miezi minne alivuka daraja la mpakani kutoka Bukavu na begi lililojaa aproni nyeupe. Hakuwa na imani na mikono ya mtu mwingine. Alitaka nizifue mimi, nizitie wanga wa muhogo, nizipige pasi mpaka zisimame. Nililalamika, lakini nilipenda kuzikunjua, maana zilinieleza watu wale walikula nini. Manjano ilikuwa bizari. Wekundu ulikuwa wa nyanya au mafuta ya mawese, ambayo nayalaani mpaka leo. Na kifuani palikuwa na damu ya kuku iliyokauka, ambayo niliiloweka kwenye maji baridi yenye chumvi tangu asubuhi kabla ya kuisugua.

Damu hiyo ndiyo iliyompa heshima. Waislamu kule walikuwa wachache, na mfanyabiashara Mwislamu aliyepanda treni alijifungashia mkate na mayai ya kuchemsha, ama alishinda na njaa. Mume wangu alisafiri na kuku hai ndani ya matenga. Treni iliposimama kituoni kwa muda mrefu, alishuka nao kando ya reli, akaelekea Kibla na kuwachinja huku wasafiri wakimtazama. Baadaye walikaa kwenye meza zenye vitambaa, wakaletewa supu, kisha wali na mchuzi wa kuku, na ndizi mbivu za kukaanga mwishoni. Alivyozisimulia ndizi zile, watoto wetu walilamba vidole vitupu.

Baba yangu ndiye aliyejivuna kuliko wote. Alinunua ndagala kavu, dagaa wa ziwani, kule bandarini, akazipeleka migodini kwa treni hiyohiyo. Alikuwa mtu wa kuchagua. Hata kwa dada yake wa damu alikunywa chai tu mpaka ajue nani alichinja. Lakini tangu niolewe, alitoka nyumbani mikono mitupu. "Mimi niko na mukwe ndani ya treni," aliwaambia wenzake msikitini. "Mizigo ya chakula ni ya batu bengine."

Mambo yalianza kuharibika polepole, na mwanzoni tuliyacheka. Kahawa ilikosa sukari. Vitambaa vya meza vilitolewa, ikasemekana vimepelekwa kufuliwa, na havikurudi. Supu ikawa maji yaliyopitiwa na kitunguu. Mume wangu aliigiza jinsi alivyompelekea bwana mmoja mnene supu ile kwa adabu zote, nasi tukashika mbavu. Halafu likizo moja akaja bila hadithi. Watoto walipomuuliza watu wa treni wanakula nini siku hizi, alijibu neno moja tu. "Banakula."

Kesho yake niliketi uani na beseni langu. Nilizikunjua aproni zote, nikaona mafuta, bizari na masizi. Damu haikuwepo. Kwanza nilifurahi, sikudanganyi, kwa sababu nilikuwa nimepunguziwa kazi. Nikazigeuza tena, moja baada ya nyingine, mbele na nyuma, hata mifukoni. Jua lilikuwa linawaka, na mimi nilianza kusikia baridi.

Yeye alikuwa ameketi mlangoni akimenya viazi vitamu.

"Baba batoto, muliacha kupika kuku?"

"Tunapika."

"Nani anachinja?"

Alimaliza kumenya kiazi kizima kabla ya kunijibu. "Kuku nzima haziko tena. Nyama inafika ndani ya masanduku, imeshakatwa. Sijui nani alichinja. Sijui hata kama ilichinjwa."

"Na harufu, siku zote hizi ndani ya joto?"

"Natia ndimu na pilipili mingi."

Kisha akaniambia lililobaki, bila kuinua macho. Kwenye kituo kimoja walimshusha mama aliyekuwa akitapika tangu asubuhi, wakamlaza kwenye mkeka kivulini, treni ikaondoka. Hakujua kama alipona. Mkubwa wake wa behewa alimwambia kwamba Waislamu wakiuliza, ajibu kuwa bado anachinja yeye. Wakikataa kula, behewa litafungwa na wapishi watarudi kwao.

"Na Papa?" nikauliza.

Baba alikuwa amesafiri mara mbili tangu masanduku yaanze.

"Alikula," mume wangu alisema.

Nilimpiga kwa aproni iliyolowa maji, begani, mara mbili. Hakujikinga. Nilikuwa na hasira ya kutosha kumpiga kwa beseni lenyewe, lakini alikaa vilevile na kisu chake cha viazi, maji yakimtiririka shingoni, na hasira yangu ikageuka hofu. Wiki ile walipaswa kusafiri pamoja, yeye na baba.

"Utamwambia," nikasema. "Kama hutamwambia, mimi nitamwambia."

Aliapa kwamba atamwambia kwenye boti ya kuwapeleka bandarini, wawili peke yao, kabla hawajaifikia treni. Nilikubali haraka mno. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa kuyasema maneno hayo kwa mdomo wangu mwenyewe, na nilishukuru kumpata wa kuyabeba. Siku ya kuondoka nilimpa baba mkate na mayai. Alinirudishia, akicheka. "Unataka banicheke? Mukwe wangu anapika, na mimi nabeba mayai?"

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa anafunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa tayari.

Majuma yaliyofuata sikuweza kuitia nyama mdomoni. Wanawake walipopita kutoka darajani na vikapu vyao, niliwauliza habari za Bukavu, za barabara, za ziwa, na nilipoambiwa ni salama, moyo wangu haukutulia. Mvua ilikuwa ikinyesha kila alasiri kwa jirani zetu wa Mururu, ikishuka kilimani kuelekea kwetu, na mimi nilikuwa nikiingiza nguo za watu, nilizofua kwa malipo, ambazo hata hazijakauka.

Baba alirudi peke yake, mume wangu akiwa amebaki kazini. Alikuja moja kwa moja kwangu. Alikuwa amekonda, mkono mmoja juu ya tumbo.

"Maji ya kule," alisema, akaketi. "Tumbo haitulie tangu tulifika."

Nilimpa chai ya tangawizi. Nilingoja aseme. Akanywa, akafuta masharubu.

"Lakini nilikula muzuri. Mukwe wangu alinipakulia yeye mwenyewe. Alisimama pale na sahani, kama anataka kusema kintu. Nikamuuliza, nini? Akaniambia, kula, Mzee, isipoe."

Nilijishughulisha na birika.

"Sasa, nataka kukuuliza," aliendelea. "Kuko muntu moja pale musikitini anasema nyama ya ile treni inatoka ndani ya masanduku. Tulibishana sana. Benzangu babili banataka kusafiri na mimi mwezi inakuja, na sasa banaogopa. Nikabaambia, nitauliza binti yangu. Yeye njo bibi ya mupishi, anajua. Na hawezi kunidanganya."

Nilifikiria watoto wanne wanaokula kutokana na kazi ile. Nilifikiria jina la mume wangu msikitini. Lakini hayo si yaliyonifunga mdomo, ingawa kwa miaka mingi nilijiambia ndiyo. Kilichonifunga ni kwamba nikimwambia baba amelishwa nyamafu, angeniuliza nilijua lini. Na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na mayai yangu, nikijua, nikamwacha aende.

Baba alikuwa ananitazama bila wasiwasi wowote.

"Anachinja, Papa," nikasema.

"Alhamdulillah." Alimaliza chai, akavaa kofia yake, akaenda msikitini kuwaambia.