Siku Themanini na Mbili Bila Kuzimwa

Karani mkuu wa zahanati alikuwa ameshakata shauri. Kompyuta kubwa inayotunza kumbukumbu za wagonjwa imekufa, na aliyeiua ni mfagizi. Alimtangaza kwenye korido, wagonjwa wote wakisikia: amechomoa waya akipiga deki, jioni arudishe funguo na asionekane tena.

Miaka kumi na moja mama wa watu amekisafisha kile chumba cha kompyuta, akiukwepa ule waya kama nyoka. Alijieleza mpaka koo likamkauka. Lakini mtu asiyejua hata kusoma, nani atamsikiliza?

Fundi alifika saa nne, binti mmoja mwenye begi mgongoni. Alivuta kiti, akaandika maneno mawili matatu kwenye kioo cheusi.

"Shangazi, usiondoke kwanza," alimwambia mfagizi aliyesimama mlangoni. "Nani kasema imechomolewa?"

"Mwenye ofisi yake huyo hapo."

"Mashine hii inaendeshwa na mfumo wa Linux. Ukiiuliza imewaka tangu lini, inakujibu. Haijazimika siku themanini na mbili."

Mfagizi aliegemeza fagio ukutani, akaketi bila kukaribishwa.

Karani akakohoa. "Sasa mbona kumbukumbu hazifunguki?"

Fundi alisoma taratibu yale yaliyoandikwa na mashine. Programu ya kumbukumbu ilikuwa ikijaribu kuwaka, inafika kwenye folda yake, inanyimwa ruhusa.

"Kuna mtu jana kaisakinisha programu upya, kisha karudisha mafaili kwa jina la msimamizi mkuu wa mashine. Programu imefungiwa nje ya nyumba yake. Ni wewe, kaka?"

"Nilitaka toleo jipya tu," karani alisema, akichezea kalamu.

"Ungeniita."

Binti aliirudishia programu umiliki wa folda, akaiwasha. Majina ya wagonjwa yakajipanga kwenye kioo.

"Haya, mama, kaendelee na kazi," karani akasema bila kugeuka.

"Sijasikia."

"Nimesema uendelee na kazi."

"Asubuhi hata wa mwisho kwenye foleni alikusikia. Sauti ile imekwenda wapi, baba? Twende huko huko koridoni, nikusindikize."

Fundi aliinamia begi lake, mabega yakitikisika kwa kicheko. Karani alimtazama, akaona hapati msaada, akainuka.

Koridoni alisema mara moja tu, kwa sauti ya chini, kwamba mama hakuchomoa waya. Mzee mmoja kwenye benchi akauliza kasemaje, na mfagizi akasimama pale pale, akisubiri arudie.