Gauni Lililobana Kifua

Mama Vituko alikuwa fundi cherehani wa miaka hamsini na ushei, na jina hilo hakulipata bure: mteja angeingia amenuna, akatoka hana mbavu. Mdogo wake, aliyeshona naye chumba kimoja, alizoea kucheka hata kabla dada hajamaliza kusema.

Kwa hiyo dada aliponyamaza, nyumba nzima ilijitafutia sababu. Usingizi ulimpaa, chakula akawa anakichezea tu, redio yake ya kazini ikazimwa isiwashwe tena. "Umri huo," wakasema. "Hedhi ikikatika, mwanamke hubadilika." Yakaishia hapo.

Jambo moja tu ndilo alilolilalamikia. "Mdogo wangu, hebu nifumulie hapa kifuani. Gauni linanibana."

"Raha hizo, dada! Shemeji anakunenepesha."

Mdogo mtu akafumua mshono, akaupanua. Baada ya wiki chache, ombi lile lile. Akafumua tena na tena, mpaka kitambaa cha akiba kikaisha, akaunga kipande kingine ubavuni. Na utani nao ukaongezeka. Ulimi hauna mfupa!

Asubuhi moja dada aliinamia cherehani, jasho jembamba likimtoka, akashindwa kuinuka. Wakamkimbiza hospitali.

Huko muuguzi alimvua lile gauni akamkabidhi mdogo wake. Mdogo mtu akalikung'uta ili alikunje, akaona upana wake. Lo! Wangeingia wawili wa kiasi cha dada, na nafasi ingebaki. Fundi mzima, tepu ikining'inia shingoni kutwa, kila aliyevuka kizingiti alimpima. Dada yake hakumpima hata siku moja.

"Ni moyo," daktari alimwambia. "Mshipa wake ulikuwa karibu kuziba, ila tumemuwahi. Sasa niambie, hajafurahia kitu tangu lini?"

Akajaribu kukumbuka, akashindwa. "Tulidhani ni umri tu," akasema.

"Hiyo ni sonona, huzuni isiyoisha, na ni ugonjwa, siyo umri. Kwa wanawake wa makamo, sonona na maradhi ya moyo mara nyingi huandamana. Tutatibu vyote viwili."

Vyote viwili! Na yeye muda wote alikuwa akitibu gauni.

Akaketi kando ya kitanda, akaushika mkono uliokonda wa dada yake. "Dada, kwa nini hukusema?"

"Nilisema."

"Ulisema gauni."

"Ningesema ni mimi," dada akajibu polepole, "mngecheka."