Mzee Mpole Juu ya Hekalu

Mwaka ule chuoni tulipewa kazi ya kunakili picha za kale za Ulaya, zile zilizochongwa kwenye bamba la shaba, likapakwa wino na kugandamizwa kwenye karatasi. Mimi nilipata ile ya Yesu akijaribiwa juu ya hekalu. Shetani wa picha ile hakuwa na pembe. Alikuwa mzee mpole mwenye joho la mtawa na rozari mkononi, anaonyesha chini kwa kidole: ruka, malaika watakudaka. Ukitaka kumjua, tazama miguu. Ina kucha za ndege.

Nilichonga wiki nzima, na kila nilipofika kwenye uso wa yule mzee nilimwona mchungaji wa dada yangu.

Tulikuwa tunakaa mtaa wa Umbilo, mimi na dada. Ana kisukari tangu utotoni. Bila sindano za insulini haishi. Mchungaji, Mkongomani wa sauti ya taratibu, alikuwa akija jioni, anakunywa chai yetu, anamwambia, "Mama, sindano ni ya ule mwenye hana imani. Wewe acha tu. Malaika iko, watakubeba." Nilimchukia mtu yule, sifichi.

Nilipoleta nakala yangu nyumbani dada aliitazama, akatabasamu. "Mzee wa watu, anamwombea Yesu." Nikamwonyesha miguu. "Atakuwa ametembea sana, mdogo wangu," akasema, akaibandika sebuleni. Kesho yake nilifungua friji, insulini haipo. Alikuwa ameitupa. Nilimletea nyingine kutoka kliniki, tukagombana, hakuigusa.

Jumapili mchungaji akaja. Alisimama mbele ya picha, macho yakateremka mpaka kwenye zile kucha, yakabaki pale. Kisha akanigeukia, bado anatabasamu. "Kazi muzuri. Na wewe tutakuombea." Niliogopa.

Dada aliitikia amina kwa shida. Alikuwa anahema kama aliyepanda ngazi mbio, na pumzi yake ilinuka tunda lililoiva kupita kiasi, harufu ambayo kliniki walishanionya kuwa ni ya sukari iliyopanda hadi kuua. Nikashika simu niite ambulensi.

"Ukipiga," akasema, "utakuwa umemwambia Mungu kwamba simwamini."

Nikapiga.

Alipona hospitalini. Siku hizi amehamia mji wa jirani, Pinetown, kwa watu wa kanisa. Simu zangu hapokei, na sina wa kumuuliza kama anachoma sindano.