Kifuniko Kisichotoka

Nyanya yangu, Magokoro kwa lugha yetu, alinusa ugoro, na kwa miaka mingi aliuweka katika kikebe nilichomchongea kwa jiwe laini la Tabaka. Wageni wakifika kwetu karibu na Mosocho walikishika wakauliza, "Nani amechonga?" Nyanya alinionyesha kwa kidevu. Sikuwa na sifa nyingine.

Uhuru ulipokuja, binamu yangu akarudi kutoka Kericho, alikokuwa mpishi wa mama mmoja Mzungu. Yule mama alipofunga mizigo kurudi Ulaya, alimpa kijaluba cha ugoro cha dhahabu, kazi ya mafundi wa zamani wa kwao. Binamu akakiweka mapajani mwa nyanya mbele ya watu.

"Magokoro, sasa achana na mawe!"

Wote walicheka. Nami nilicheka, lakini ugali wa siku ile nikauacha.

Nikavumisha kwamba kijaluba kile ni shaba. Binamu, bila hasira, akanipeleka kwa sonara mjini Kisii. Sonara akakigeuza chini ya lenzi. "Dhahabu," akasema. "Na bawaba hii ya kifuniko mimi siwezi kuitengeneza." Nilirudi nyumbani nikiumia zaidi. Kikebe changu kilikaa dirishani, kitupu.

Jumapili wakaja wanawake wa rika la nyanya. Kwetu mtu hanusi peke yake. Unamimina ugoro kidogo juu ya kifuniko, unampa mgeni kifuniko, na kikebe kinabaki mkononi mwako. Nyanya akafungua kijaluba, akavuta kifuniko. Hakikutoka. Akavuta tena.

"Utakivunja, Magokoro!" binamu akaruka. "Kwa Wazungu kila mtu ananusa kutoka chake."

"Kumbe hawatembeleani?" mmoja akauliza, na wenzake wakacheka hadi wakapangusa macho.

Nyanya akanigeukia. "Niletee kile cha jiwe."

Nilikimbia kama mtoto. Tangu siku ile hakutumia kingine, na kijaluba akamrudishia binamu. Ningetosheka hapo, lakini binamu alinifuata uani.

"Chukua ukitazame," akasema. "Najua unakitamani."

Nikaketi nacho juani. Juu kulikuwa na majani ya mzabibu, yaliyoinuliwa kwa kugongwa kutoka upande wa ndani, moja moja. Bawaba sikuiona mpaka nilipofungua. Ukitaka kuielewa, pitanisha vidole vya mikono yako miwili, kisha fikiria uzi unaopita katikati ya vyote. Vidole vile vilikuwa vijibomba vya dhahabu vyembamba kama bua la nyasi, na kifuniko kikifungwa, mstari wote hupotea.

Nilijaribu kuchonga bawaba kama ile kwa jiwe. La kwanza likavunjika, na la pili, na la tano. Ukijaribu nawe, usivunjike moyo. Jiwe halikubali, basi. Ila mimi niliumia, kwa kumwonea wivu fundi aliyekufa zamani, ambaye hata kijiji chake sikijui.

Binamu alipokuja kukichukua, nilimwomba aniachie mpaka kesho. Kesho yake nikamwomba tena.